Sukari guru ya Muhoroni na asali ya tembo tuliyoiacha

Mtu wa Mombasa au Lamu akiambiwa kwamba Bara kuna mji uitwao Miwani, hufikiri macho ya wazee. Nami nilifikiri hivyo hivyo, nikacheka peke yangu ndani ya matatu nilipoupita nikitoka Kisumu, hata abiria wa kando yangu akanitazama. Kumbe maana yake ni penye miwa, nalo ni neno la Kiswahili lililojikalia kitako katikati ya nchi ya Wajaluo. Hapo ndipo kilipoanza kiwanda cha kwanza cha sukari katika Kenya, mwaka 1922. Ukizidi mbele wapita Chemelil, kisha waingia Muhoroni, na njia nzima kulia na kushoto ni miwa mitupu mpaka milima ya Nandi inapozuia macho.

Safari yangu ilikuwa ya taazia. Tunao jamaa zetu Muhoroni ambao mzee wao alikwenda zamani kwa kazi ya reli, akaoa huko huko, asirudi tena Pwani. Nilikaa nao siku nne. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, nikasikia harufu ambayo pua yangu iliijua kabla ya akili yangu. Haikuwa harufu ya kiwanda, maana kiwanda kina harufu yake, nzito na ya kuchacha, nayo mgeni huizoea baada ya siku moja. Hii ilikuwa harufu ya kitu kitamu kinachokaribia kuungua lakini hakijaungua. Nikamwuliza mwenyeji wangu. Akasema, "Ni sukari guru hiyo, ami. Twende ukaone."

Nyuma ya nyumba tatu nne hivi palikuwa na banda la mabati lisilo kuta. Upande mmoja ilikuwako mashine ya kukamulia, magurudumu matatu ya chuma yanayozungushwa na injini ya dizeli, na vijana wawili wakiilisha miwa, mmoja akitia na mwenziwe akipokea makapi upande wa pili. Maji ya miwa yalichuruzika ndani ya pipa lililofunikwa kitambaa. Upande mwingine palikuwa na tanuri la udongo, na juu yake karai la chuma pana kama sinia la watu kumi. Mwenye mahali hapo alikuwa mama mmoja wa makamo, mjane. Majirani humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi nilimwita Mama, naye akaniita Mzee wa Mombasa mpaka nilipoondoka.

Nilidhani kazi ni kuchemsha tu. Nikakaa juu ya gogo mpaka magharibi ikakaribia, nikaona mambo mengine. Maji ya mua yakitoka mashineni yana rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, wala hayapendezi kutazama. Lazima yapande motoni siku ile ile, kwani mua uliokatwa hupoteza utamu kila siku unayolala, na maji yake yakikaa saa chache katika joto huanza kuchacha. Yalipopata moto, Mama akatia chokaa kidogo iliyokorogwa majini, chokaa ile ile ambayo bibi zetu waliipaka kwenye tambuu. Kazi yake ni kuvunja uchachu wa mua na kuzikusanya taka. Mara povu jeusi likapanda juu kama ngozi, akaliengua kwa upawa wa mpini mrefu. Likarudi, akaliengua tena, hata maji yakabaki na rangi ya chai ya rangi. Chokaa ikizidi, alisema, sukari huwa nyeusi na ladha yake ni ya sabuni, ikipungua, haigandi.

Tanuri lilikuwa likilishwa makapi makavu ya siku zilizopita. Jambo hilo lilinipendeza mno: mua hujipika wenyewe, bila kukata mti hata mmoja.

Baada ya muda mrefu mapovu yakabadilika. Mwanzo yalikuwa madogo na ya haraka, kisha yakawa makubwa yanayopasuka polepole, kama uji wa mtama ulioiva. Mama akachovya kijiti, akadondosha tone katika kikombe cha maji baridi. Likayeyuka. Akangoja. Tone la pili likashuka chini likakaa, na alipoligusa likawa laini kama nta. Akachukua tone jingine baina ya kidole gumba na cha shahada, akavitenganisha, na katikati ukavutika uzi mwembamba. Wapishi wetu wa halwa waujua uzi huo.

"Ukitoa hapa ni asali," akasema. "Ukingoja kidogo ni nguru. Ukisahau ni makaa."

Akanitolea kikombe kimoja cha hiyo aliyoiita asali, pamoja na kiazi kitamu kilichochemshwa. Iliyobaki ikapikwa zaidi, ikakorogwa kwa mwiko mpana kama kasia, kisha ikamiminwa katika vibao vyenye matundu ya mraba. Miwa ya kilo 100 ikipitishwa katika mashine ndogo kama ile hutoa maji kilo 50 au 60, na maji hayo yakipikwa hata mwisho hubaki sukari guru kama kilo 10. Mengine yote huenda hewani, na hayo mengine ndiyo niliyokuwa nikiyanusa kutoka nyumbani.

Nikamwambia Mama kwamba hata sisi kwetu zamani tulipika asali namna hii, ila si ya miwa, ni asali ya tembo. Vijana wake wakasimamisha kazi. "Tembo?" akauliza mmoja. "Inakamuliwa wapi?" Ilinichukua dakika kadhaa kuwaeleza kwamba kwetu tembo ni maji ya mnazi, na mnyama twamwita ndovu. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu, nami nikaona nimelipwa kicheko changu cha Miwani.

Nilitaka kujua kwa nini hapeleki miwa yake yote kiwandani. Jibu lake lilikuwa fupi. Mua wa huko hukaa shambani kama mwaka na nusu kabla haujakatwa. Baada ya hapo kuna kungoja lori, na baada ya lori kuna kungoja malipo, lakini karai linalipa jioni ile ile. Mambo ya viwanda yana kurasa zake katika gazeti hili, nami si mwanasiasa. Itoshe kusema kwamba kiwanda cha Muhoroni, kilichojengwa miaka ya 1960, kiliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni mwaka 2001, kikakaa katika hali hiyo miaka zaidi ya 20, mpaka mwaka 2025 Serikali ilipokikodisha kwa kampuni ya watu binafsi pamoja na viwanda vingine vya umma. Katika muda wote huo watu walikuwa wakila, wakisomesha watoto na kuzika wafu wao. Karai lilikuwamo katika hesabu hiyo.

Jua lilipokuwa likizama akaja kijana mmoja juu ya pikipiki, na gunia tupu limefungwa nyuma. Alitaka vipande vyote vya jana. Mama akamwambia hakuna. Vilikuwapo, vilikuwa vimefunikwa nyuma ya gogo nililolikalia. Kijana akatazama huku na huku, akawasha pikipiki akaenda zake. Nilipomgeukia Mama alikwisha kujua ninalotaka kuuliza.

"Mtu wa chai haji na gunia, Mzee. Huyo anakuja na sahani."

Msomaji wa Pwani huenda halijui jambo hili. Sehemu kubwa ya sukari guru ya upande ule haiingii chai ya mtu yeyote. Hulowekwa majini ikatiwa chachu, ikawa kangara, na kangara ikipikwa na mvuke wake ukanaswa huwa chang'aa. Sheria ya kuipiga marufuku chang'aa ilitungwa mwaka 1980, ikafutwa mwaka 2010 kwa sheria nyingine ya vileo iliyotaka pombe hiyo itengenezwe kwa kipimo na leseni. Lakini wale wa gunia hawakuacha kazi mwaka wowote. Wao hununua kwa mkupuo na hulipa taslimu. Mjane yule akiwakatalia, hubaki kuuza kipande kimoja kimoja kwa watu wa sahani, na vingine hukaa mpaka mvua ikavilainisha. Kwa nini anakataa, hakuniambia. Mwenyeji wangu alinieleza njiani, nami mambo ya nyumba ya mtu siyaandiki gazetini.

Usiku ule tulisoma khitma. Juzuu iliyoniangukia mimi ilikuwa ya kumi na nne, yaani Sura Al-Hijr na An-Nahl. Nimeisoma juzuu hiyo tangu chuoni, wakati bakora ya maalim ilipokuwa karibu kuliko maana ya maneno. Lakini nilipofika aya ya 67 ya An-Nahl sauti ilinikwama kidogo, na aliyekaa kando yangu akadhani namlilia maiti. Aya hiyo yataja matunda ya mitende na mizabibu, na kwamba watu hupata humo vitu viwili, kileo na riziki njema. Iliteremka Makka, kabla ya ulevi kuharamishwa Madina, na wafasiri wamesema kwamba tangu hapo kileo kilikwisha kutengwa na kile kilichoitwa chema. Aya inayofuata yaingia kwa nyuki na asali yake. Basi katika mistari michache umetajwa utamu wa mti, njia zake mbili, na asali. Nami nilikuwa bado nina harufu ya karai katika kanzu.

Mji wenyewe wa Muhoroni ni kama tafsiri ya aya hiyo. Molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa, ndiyo iliyofanya kampuni ya Agro-Chemical and Food ijengwe hapo Muhoroni, kazi yake kutengeneza spiriti na hamira. Spiriti kwa mkono mmoja, hamira kwa mkono wa pili. Sasa tazama, ndugu msomaji. Neno hamira twalipata kwa Waarabu, nalo latokana na herufi tatu zile zile zilizozaa neno khamri, ambazo maana yake ya asili ni kufunika. Mahamri yetu ya asubuhi yamepata jina kutoka mlango huo huo. Hakuna sheikh aliyewahi kuyaharamisha mahamri kwa sababu ya nasaba yake, na twayala kwa mbaazi tukishukuru.

Na hili la herufi lina mzaha mwingine, ambao wanachuo waujua. Sukari kwa Kiarabu huandikwa sini, kafu na ra, na ulevi huandikwa sini, kafu na ra. Neno la sukari Waarabu walilitoa kwa Waajemi, na Waajemi walilitoa Bara Hindi, kwa hiyo hayo maneno mawili si ndugu, ni majirani tu waliogongana nyumba. Guru nalo ni la Kihindi. Wahindi waliopewa ardhi baina ya Kibos na Muhoroni baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901 walikuwa miongoni mwa waliopanda miwa mapema upande ule.

Niliporudi Mombasa nilimkuta mpwa wangu amefika kutoka Toronto kwa likizo. Ametuletea kichupa cha shira ya rangi ya kahawia, na kwa namna alivyokishika ungedhani ni maji ya zamzam. Akatueleza kwamba ni maji ya mti wa mepli, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Mwisho wa baridi, usiku unapoganda na mchana unapoyeyuka, watu hutoboa shina la mti, wakatia kimfereji kidogo na kutundika ndoo, maji yakidondoka huyapika nyumbani mpaka yakawa mazito. Maji ya mti huo yana utamu mdogo sana, sehemu mbili tu katika mia, kwa hiyo huhitaji lita 40 kupata lita moja. Jimbo la Quebec pekee hutoa sehemu kubwa ya shira hiyo inayoliwa duniani. Watoto wakakizunguka kichupa. Mama yangu, ambaye sasa haoni vizuri, akaomba aonjeshwe. Akaweka kijiko mdomoni, akanyamaza, kisha akasema, "Mbona hii ni asali ya tembo?"

Mpwa wangu, kijana aliyezaliwa hapa hapa Mombasa, hakujua mamake mkubwa anazungumza nini. Vijana wa Muhoroni walicheka kwa kuwa Kiswahili chao ni cha Bara. Huyu wa kwetu je?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipika asali ya tembo. Nasema haya nikiwa na miaka hamsini na kitu, kwa hiyo si habari za kale za kina fulani; ni mambo ya miaka ya 1970. Mgema, jirani yetu wa Kigiriama, alikwea minazi kabla ya jua na kotama yake kiunoni, akakata ncha ya karara changa kipande chembamba kama ukucha, akashuka na kibuyu kilichojaa usiku kucha. Bibi alikuwa amekwisha kumpelekea kibuyu chake mwenyewe tangu jana, kimeoshwa kwa maji ya moto na kupakwa chokaa ndani. Hapo mwanzo sikujua chokaa ni ya nini. Muhoroni ndiko nilikojua: ni kuzuia uchachu, kama alivyofanya yule mama katika karai. Tembo linaloteremka alfajiri ni tamu, halina ulevi, lakini chachu imo hewani na imo mtini, na likiachwa mpaka adhuhuri limekwisha kugeuka. Kwa hiyo bibi alishindana na jua. Alilichuja katika kifumbu kuwatoa nyuki na sisimizi, akalitia katika sufuria juu ya mafiga matatu, na moto wake ulikuwa wa vifuu na makumbi. Mnazi nao ulijipika wenyewe. Lita sita hivi zilibaki lita moja. Sisi tuliipata juu ya vibibi, na mwezi wa Ramadhani juu ya kaimati badala ya shira ya sukari.

Siku moja ndugu yake mkubwa alikuja nyumbani asubuhi, akakiona kibuyu kando ya mlango. Alikuwa mtu wa dini na mwenye heshima mjini. Hakuuliza. Alikichukua akamwaga mchangani mbele ya watu waliokuwa wakipita, akasema nyumba yake haitakuwa mangwe. Bibi hakujibu, alikuwa mdogo wake. Akafagia pale palipomwagwa, kwa kuwa nzi walikuwa wamejaa, na tangu siku hiyo hakupika tena. Nilikuwa na miaka saba au minane. Kwa muda mrefu nilikuwa nikidhani kwamba bibi alifanya dhambi fulani, na kwamba nami nimo, kwa sababu ya vibibi.

Sisemi kwamba zamani palikuwa na peponi. Utamu wa Pwani hii umewahi kupikwa kwa machozi. Pangani, katika karne ya 19, mashamba makubwa ya miwa kandokando ya mto yalilimwa na watumwa, na ndio waliokamua na kupika, na sukari guru yake na asali yake vikapakiwa vyomboni kwenda Unguja na Arabuni. Bushiri bin Salim, yule aliyesimama na Wajerumani mwaka 1888, naye alikuwa na shamba la miwa huko. Halwa iliyoliwa na mabwana wa siku zile, sitaki kujua hesabu yake. Hapa Kenya nasi tulikuwa na kiwanda chetu, cha Ramisi, kilichoanza mwaka 1927 na kufungwa mwaka 1988. Kwa hiyo mua si mgeni kwetu. Lakini mua ulikuwa wa wenye mashamba. Asali ya tembo ilikuwa ya mwanamke mwenye mnazi mmoja, sufuria moja na asubuhi moja, na hiyo ndiyo tuliyoiua.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa msikitini na mwenye elimu kunishinda, nilipomsomea mawazo haya alinikatiza. "Ndugu yangu," alisema, "ukimtuma kijana kwa mgema, leo atakuletea tamu, kesho ataonja kali, kesho kutwa utamtafuta mangweni. Kuna mambo huachwa, si kwa kuwa ni haramu, ni kwa kuwa yapakana na haramu." Siwezi kuyapuuza maneno yake. Hakuna mtaa wa Pwani usiokuwa na mama anayemngoja kijana wake usiku, na siku hizi yaliyomo mitaani ni mabaya zaidi ya tembo.

Lakini nilimkumbusha habari iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik. Sayyidna Umar alipofika Sham, watu wa huko walimlalamikia maradhi ya nchi yao, wakasema hakuna kinachowafaa ila kinywaji chao. Akawaambia wanywe asali. Wakasema asali haiwafai. Ndipo akaletewa maji ya zabibu yaliyopikwa mpaka thuluthi mbili zikaondoka ikabaki moja. Umar akatia kidole, akainua mkono, na kile kitu kikafuata kidole kikivutika. Akasema chafanana na lami wanayopakwa ngamia, akawapa ruhusa wakinywe. Ubada bin Samit akamlaumu kwamba amewahalalishia. Umar akaapa kwamba hakuwahalalishia kitu alichokiharamisha Mungu. Sasa, khalifa yule alikuwa mkali kuliko mjomba wa mama yangu, wala hakuna atakayebisha. Na mbele ya kitu kinachofanana na ulevi na kilichotoka katika mti unaotoa ulevi, alifanya jambo ambalo mzee wetu hakulifanya: alitia kidole kwanza. Zabibu ni tamu kupita tembo letu, ndiyo maana thuluthi ilitosha kuvuta. La mnazi latakiwa lipikwe hata sudusi. Lakini kipimo ni kile kile cha yule mjane wa Muhoroni, kidole na uzi. Kitu kikishafika hapo, utamu wake umezidi mno hata chachu haiwezi kuishi ndani yake.

Rafiki yangu akasema habari hiyo aijua, na kwamba wanavyuoni wana maneno marefu juu yake. Ni kweli. Nami nikamwuliza swali langu, ambalo bado hajanijibu. Mgema wa leo ana mnunuzi mmoja tu, naye ni mangwe. Sisi wa vibibi na kaimati tulijitoa sokoni kwa kuogopa aibu, tukamwachia mwenye gunia peke yake. Je, ulevi ulipungua? Minazi inayogemwa haikupungua hata mmoja. Tulichopunguza ni ile njia ya pili.

Nimejaribu nyumbani, kwa mua kwanza, maana hauna fitina. Nilinunua lita kumi za maji ya miwa kwa mwuza juisi, nikamwambia asitie tangawizi wala barafu. Ndimu niliiacha kidogo. Ndimu huifanya asali isigande chembechembe, ingawa kwa anayetaka sukari guru ya kukatika ni adui. Mara ya kwanza niliitwa mlangoni na mgeni, nikarudi nikakuta yale makaa niliyoambiwa Muhoroni, na mke wangu ananitazama juu ya mtungi wa gesi uliokwisha. Mara ya pili niliwasha vifuu uani, nikaengua povu mpaka mkono ukauma, nikapata karibu lita mbili, nyepesi kidogo kuliko ya yule mama, lakini uzi ulivuta. Mama yangu alisema ni nzuri, ila siyo.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita baada ya alfajiri nilikwenda kwa mgema mmoja upande wa Mtwapa. Nilimwambia nataka lita sita za tembo tamu, la usiku, kabla ya jua. Akaniuliza ni la harusi? Nikamwambia la kupika. Alinitazama kanzu na kofia, akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema mamake alikuwa akiwauzia watu wa mjini tembo la kupika, akiwa yeye mtoto. Bei tuliafikiana. Akaniomba jambo moja: nimpelekee chombo changu mwenyewe, kipya, jioni ya kuamkia siku hiyo, kwani vibuyu vyake vyote, hata akiviosha vipi, vina chachu.